Meli Haimsubiri Shangazi

Binamu yangu anaishi chini ya bahari. Nikisema hivyo kijiweni Mbagala, Temeke, watu hunitazama kwa huruma, wakidhani amechukuliwa na majini, lakini ndiyo hali halisi. Ni dobi kwenye meli ya kitalii, na chumba cha dobi kiko orofa ya chini kabisa, ambako usawa wa maji umekupita kichwani na dirisha ni picha ya dirisha. Juu yake wamelala watu elfu mbili na ushei ambao kila wakiloa tone moja wanadai taulo jipya. Kuanzia Desemba mpaka Machi, sisi huku tukichemka, meli yao huzunguka Amerika ya Kusini: inaanzia Brazil, inateremka Uruguay na Argentina, inapinda kwenye ncha ya bara kule kwenye baridi, kisha inapanda na pwani ya Chile.

Alipopata kazi hiyo, grupu la ukoo lilijiandaa kwa simulizi za Rio de Janeiro. Ujumbe wa kwanza wa sauti ukaingia usiku, tukakusanyika kuusikiliza. "Jamani, Rio nimeiona. Ina makontena mengi." Montevideo nayo, tukaja kuambiwa, ina makontena, ila yamepangwa vizuri zaidi. Hakuwa anatania. Mfanyakazi wa meli akipata saa mbili kati ya zamu na zamu hatembelei mji. Anatafuta mtandao wa bure karibu na geti la bandari, anakaa ukingoni mwa barabara, anapiga simu nyumbani, anarudi kwenye mashuka. Muulize habari za Valparaíso, ule mji wa Chile wenye vilima na vibehewa vya kuvutwa kwa kamba kupanda mlimani, cha kwanza kikiwa kimeanza kazi 1883. Atakwambia mtandao wake una kasi, tatizo ukuta wa kuegemea unapigwa jua.

Waliolipa ndio wanaoshuka, na habari zao ndizo zilizonifundisha utalii wa meli ni kitu gani. Kila jioni hupenyezewa karatasi chini ya mlango: kesho bandari fulani, tunafika saa fulani, mwisho wa kurudi chomboni saa fulani. Akichelewa, meli inang'oa nanga, naye ataifuata bandari inayofuata kwa nauli yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliyekusanya akiba miaka kumi ili aione Buenos Aires anaiona huku jicho moja liko kwenye saa ya mkononi. Binamu anasema burudani kubwa ya walio ndani ni kusimama barazani, glasi mkononi, kuwashangilia wanaokuja mbio gatini na mifuko ya zawadi, mmoja kiatu mguuni na kingine mkononi. Halafu siku ya mwisho wote hugawiwa fomu ya kutoa maoni na alama, na alama hizo zinaweza kumfikia mpaka dobi.

Kugombania kuingia, kuogopa kuachwa, kuteremshwa mahali usipopajua na kuambiwa ndipo ulipolipia: hiyo ni daladala iliyowekewa bwawa la kuogelea. Wakazi wa Temeke tuna shahada ya mambo hayo, ila hatujawahi kuitiwa ajira.

Bandari moja tu ndiyo aliyoishukia akakaa chini akala: Salvador, jimbo la Bahia, Brazil. Akaingia kwa mama lishe mmoja mweusi aliyefunga kilemba cheupe, akaandaliwa samaki wa nazi. Akachovya. Ujumbe wa sauti uliokuja baadaye ulianza kwa kimya kirefu, halafu kamasi, halafu: "Mama, wameweka mawese."

Mama yake, shangazi yangu, ni mtu wa Ujiji, Kigoma. Watu wa kule unaweza kuwanyang'anya kitambulisho cha taifa wakakusamehe, mawese hapana. Mwanawe alikuwa amevuka bahari mbili akalikuta sufuria la nyumbani likichemka. Chakula chenyewe Wabrazil wanakiita moqueca, na mchikichi haukuwafuata kwa kuogelea. Ulitoka Afrika enzi za biashara ya watumwa, ukavuka Atlantiki pamoja na waliojua kuukamua, ambao walikuwa ndani ya minyororo. Brazil peke yake ilipelekewa Waafrika karibu milioni 5, ikaja kuufuta utumwa mwaka 1888. Meli zile nazo zilikuwa na bandari zake na ratiba zake.

Wareno, waliokuwa watawala wa Brazil, waliporudi upande huu hawakuja mikono mitupu. Mhogo, mahindi, karanga, nanasi, pilipili, korosho, asili ya vyote hivyo ni Amerika. Viliteremka kwenye pwani zetu na havikupanda tena chomboni. Leo mtu wa Mtwara anaapa kwa korosho kana kwamba Adamu alizikuta Newala.

Shangazi alifika kwangu Mbagala Kizuiani mwezi wa Februari kwa treni ya Kigoma, madumu ya mawese mbele, yeye nyuma. Kabla hajamaliza kupokea shikamoo alikuwa ameanza kukagua nyumba. Jioni wanangu wakamwonyesha kwenye simu picha ya Norwegian Dawn, meli ya kitalii iliyotia nanga Dar es Salaam Januari 2024 ikiwa na watalii zaidi ya 2,000.

"Hiki chombo kilifika wapi?"

"Hapa hapa, Shangazi. Bandari iko Kurasini, wilaya yetu ya Temeke."

Akatazama ndoo zilizopangwa ukutani zikisubiri mgao wa maji. "Kumbe mnakaa nyumba kwa nyumba na bahari halafu mnaoga kwa kata."

Nikamweleza kuwa Mbagala bahari tunaijua kwa harufu tu, upepo ukigeuka. Hakuona kuwa hilo ni jibu. "Mwanangu anazungushwa bandari za watu mpaka mwisho wa dunia," akasema, "mimi niliyemzaa sijateremshwa hata moja. Jumamosi nataka kuteremshwa."

Hapo ieleweke kuwa Shangazi si mgeni wa vyombo. Amekua na MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, amesafiri nayo kwenda Kasanga mpaka Mpulungu kule Zambia, na meli nyingine zote duniani anazipima kwa hiyo. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande, wakaisafirisha kwenye masanduku, wakaiunga upya Kigoma, ikaingia majini 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na maadui. Waingereza wakaiibua 1924, na kufikia 1927 ilikuwa inabeba abiria. Shangazi anashikilia kwamba meli ambayo haijawahi kuzama haina uzoefu. Bandari nyingi za Liemba hazikuwa na gati; ilikuwa ikisimama katikati ya ziwa, mitumbwi ikiifuata na magunia ya dagaa, mananasi, kuku na watu, na kila mmoja akipanda kwa ubavu wake. Mwanamke aliyewahi kupanda meli namna hiyo na mtoto mgongoni hana wa kumwogopa Kivukoni.

Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi anayependa kitu chochote chenye jedwali, akaandaa ratiba. Bandari ya kwanza Kivukoni, ya pili Kigamboni, ya tatu Kunduchi, ya nne kisiwa cha Mbudya. Kila bandari ikapewa saa ya kufika na saa ya mwisho ya kurudi chomboni. Chini akaandika kwa kalamu nyekundu: ATAKAYECHELEWA ATAACHWA. Ijumaa usiku akaipenyeza chini ya mlango wa chumba cha Shangazi, kwa mzaha. Shangazi akaiokota, akavaa miwani, akaisoma yote, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela zake. Mzaha uliishia hapo, ila sisi hatukupewa taarifa.

Rangi Tatu, tunakopandia daladala Mbagala, asubuhi ya Jumamosi haihitaji maelezo kwa aliyewahi kufika, na ambaye hajafika hataamini. Gari halijasimama, madirisha yameshapitisha watu. Tulipopata nafasi, Shangazi alimgeukia konda akamuuliza maboya yako wapi. Mwanawe alikuwa amemwambia kwamba melini, kabla ya safari, abiria wote hukusanywa wakafundishwa kuvaa boya.

"Maboya ya nini, mama?"

"Ya kuokoka."

"Hapa tunaokolewa na Mungu tu. Songeni nyuma!"

Shangazi akatikisa kichwa, akamwambia mke wangu kwamba angalau huyu kijana ni mkweli.

Feri, soko la samaki pale Kivukoni, tulipita haraka. Mnada ulikuwa umechangamka, madalali wanaimba bei, jodari wamelazwa sakafuni macho yamewatoka. Shangazi aliwakagua kwa masikitiko ya mtu aliyezoea migebuka ya ziwani kwao. Muuzaji mmoja alipomtajia bei, akajibu kwamba samaki wa maji ya chumvi anakuja na chumvi yake, kwa hiyo angetarajia punguzo. Tukamwondoa kabla maelewano hayajaharibika.

Sasa pantoni. Nauli ni shilingi 200 na safari yenyewe ni ya dakika chache, huwezi kumaliza hata pakiti ya ubuyu. Kazi iko kwenye kupanda. Watu wanajazana nyuma ya geti, wenye baiskeli, wenye vikapu vya samaki, wenye suti, wote macho mbele. Geti likifunguliwa hakuna anayetembea, unabebwa. Mimi nilikuwa nimeshika mtoto mmoja, mke wangu mwingine, na kapu la chakula lilikuwa kati yetu. Shangazi hakushika kitu. Nilimwona akiipandisha kanga juu kidogo, akitoa viwiko, na kwa ufundi wa miaka ya Liemba akapasua katikati ya vijana wenye umri wa wajukuu zake. Tulipofika kwenye geti likafungwa puani mwetu. Pantoni likaanza kuondoka. Kwa mbali, kwenye ukingo, tukaiona kanga ya njano ikipunga. Vijana waliokuwa karibu nasi wakapiga makofi. Mmoja akaniambia, "Mzee, bi mkubwa amekuacha kisomi."

Nikapiga simu yake. Ikaita mpaka ikakata. Shangazi simu huipokea akiwa ameketi nyumbani tu. Akiwa safarini huiacha iite, wezi wa Dar wasijue kuwa anayo.

Tulivuka na pantoni lililofuata. Kigamboni, ambayo zamani ilikuwa Temeke kabla haijapewa wilaya yake, ilikuwa tulivu kwa namna ya kuudhi. Hakuna kanga ya njano. Tukauliza kwa wenye bodaboda, kwa wauza miwa, kwa mzee wa kahawa. Mwisho mama mmoja mkaanga mihogo akatupa habari bila kuacha kugeuza mihogo yake.

"Mama wa kanga ya njano? Amekula hapa, amesifia. Akatoa karatasi, akasoma, akasema saa nne na nusu mwisho wa kurudi chomboni. Nikamwambia foleni ya pantoni ni ndefu. Akasema hawezi kuachwa. Kachukua bajaji apitie darajani."

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama mihogo. Ratiba ilikuwa imefanya kazi yake kuliko ratiba yoyote iliyowahi kuandikwa katika nchi hii.

Daraja la Nyerere, la mita 680, lilifunguliwa 2016 na linakuteremsha Kurasini. Kwa hiyo wakati sisi tunamsaka upande wa ng'ambo, Shangazi alikuwa ameizunguka bandari ya Dar es Salaam kwa bajaji, mlango wazi, akihesabu winchi. Hatukujua. Tulijua saa sita mchana, simu yangu ilipolia kwa ujumbe kwenye grupu la ukoo. Ulitoka Buenos Aires. Kule ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Binamu alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku.

"Nyie watu. Mama yuko geti la bandari Kurasini, anauliza kama meli yetu imeingia. Mko wapi?"

Nimekaa Temeke miaka mingi na nimepata habari za Temeke kwa njia nyingi: kwa mjumbe, kwa spika ya msikiti, kwa majirani wanaopiga kelele ukutani. Kuzipata kupitia Argentina ilikuwa mara ya kwanza. Shangazi, alipoona ametulia na yuko salama mbele ya mlinzi mwenye sare, alikuwa ameketi, akatoa simu, akabonyeza jina pekee analojua kulibonyeza, la mwanawe. Grupu likawaka. Mjomba wa Tabora akaandika kwamba tangu zamani alisema mimi si wa kuachiwa mtu mzima. Dada wa Muscat akatuma alama za kulia. Mtu ambaye hakuna aliyemjua akatuma tangazo la viwanja Chanika.

Tulipofika Kurasini, jasho limetuchora ramani mgongoni, tulimkuta chini ya mti, ameletewa kiti, mlinzi amesimama anamsikiliza. Mazungumzo yao, kwa mujibu wa mlinzi mwenyewe, yalianza hivi:

"Mama, unasubiri meli gani?"

"Ya mwanangu."

"Sasa hivi iko wapi?"

"Buenos Aires."

"Basi imechelewa kidogo."

Baada ya hapo ikawa zamu yake kufundishwa. Shangazi alikuwa anamweleza kuwa Liemba nzima, ikiwa vipande kwenye masanduku, iliteremshwa bandari hii ya Dar es Salaam, ikapakiwa treni ya kwenda Kigoma, reli yenyewe ikiwa mpya, imefika ziwani mwaka 1914. Na kwamba kwa hiyo wao wa bandari wanalo deni la heshima kwa watu wa Ujiji. Mlinzi akawa anaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama, kwa unyenyekevu wa mtu ambaye zamu yake inaisha saa kumi.

"Shangazi, jamani, mbona uliondoka?"

Akalifungua pindo la kanga, akatoa ratiba, akaweka kidole. "Mimi nimeondoka kwa wakati. Mlioachwa ni nyinyi. Na kwa mujibu wa hii, sasa hivi tunatakiwa tuwe Kunduchi."

Safari ya kutoka Kurasini mpaka Mtongani ya Kunduchi sitaisimulia. Ni magari mawili, foleni ya Mwenge, mtoto mmoja kutapika, mwingine kuomba avae kofia ya konda. Dar inapokatishwa kutoka kusini mpaka kaskazini, Temeke mpaka Kinondoni, mtu huzeeka kidogo. Pale Kunduchi kuna mji wa zamani wa bandari, msikiti uliobaki magofu na makaburi ya karne ya 18 yaliyopachikwa bakuli za Kichina. Mtalii wa meli angeteremshwa apige picha dakika kumi na tano. Sisi tuliyapungia mkono ndani ya bajaji.

Ufukweni tukakuta bahari imeondoka. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imeelea mbali kule, kati yetu na yenyewe tope la kijivu lenye kaa wadogo wanaokimbia upandeupande. Nahodha, kijana aliyevaa jezi ya Argentina namba 10, akasema tutembee tu, halina neno.

"Wewe umetoka Buenos Aires?" Shangazi akamuuliza kwa hamu.

"Hapana bibi, Boko."

Hatua chache ndani ya tope, ndala ya kushoto ya Shangazi ikabaki. Tuliichimba kwa mikono, wanangu kwa furaha isiyo na mfano, tukapata chupa, kamba ya nyavu na ndala ya mtu mwingine. Akakataa kuivaa. Akaendelea na mguu mmoja mtupu, kichwa juu, mpaka botini, na huko hatimaye akapata kitu alichokidai tangu Rangi Tatu. Boya. Akalivaa juu ya kanga, akakaza mikanda yote, akatukagua mmoja mmoja, na nahodha naye akalazimishwa kuvaa la kwake, jambo ambalo kwa sura yake halikuwahi kumtokea.

Katikati ya mkondo injini ikazima. Nahodha akavuta kamba, ikakohoa. Akavuta tena. Abiria wote tukanyamaza, kila mtu akizungumza na Mungu wake. Hatari haikuwepo, bahari ya Februari ilikuwa imetulia tuli na ukigeuza shingo unaona bwawa la hoteli na watu wanakula chipsi. Lakini binamu alishatusimulia bahari iliyo chini ya Rasi ya Horn, kati ya Amerika na Antaktika, upana karibu kilomita 800 na mawimbi yasiyozuiwa na nchi kavu yoyote. Anasema siku ile alijifunga kwenye bomba kwa shuka, na vikapu vya nguo vilikuwa vinahama vyenyewe kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Kabla Mfereji wa Panama haujafunguliwa 1914, mizigo mingi kati ya Atlantiki na Pasifiki ilipita huko. Valparaíso ilikuwa tajiri kwa sababu hiyo. Mfereji ulipofunguliwa, meli zikakata kona na mji ukabaki na vilima vyake. Nilikuwa namsimulia mke wangu haya ili kumtuliza. Aliniomba ninyamaze.

Injini ikawaka. Shangazi akasema imewaka kwa sababu ya boya.

Mbudya ni kisiwa kidogo kisicho na kijiji, sehemu ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1975, mchanga mweupe, mabanda ya makuti, maji ya rangi ambayo watu wa Mbagala tunaiona kwenye kalenda. Tulifika saa kumi na dakika ishirini. Boti ya mwisho kurudi, akasema nahodha, saa kumi na moja. Hivyo ndivyo hasa watu wanavyoiona Montevideo. Wanangu wakajitupa majini na nguo. Mke wangu akakaa kivulini akafumba macho, na nadhani hizo ndizo dakika pekee za siku ile alizozifurahia, maana hakuna aliyemwita.

Shangazi akaagiza samaki wa kukaanga. Nikamwambia hatakuwa tayari kwa wakati. Akajibu kuwa amekwisha kulipa, na kwamba samaki wa chumvi hakuonjwa Feri kwa hiyo ataonjwa hapa, ukweli ujulikane. Samaki wa Mbudya wanaagizwa, wanaparuliwa, wanakatwa mistari, wanapakwa, wanasubiri mafuta. Saa kumi na dakika hamsini mafuta yalikuwa yanatafakari.

Filimbi ya kwanza ikalia. Watu wengine wote wakaenda botini. Filimbi ya pili. Nikawakamata watoto, mke wangu akakamata mabegi, tukakimbia mchangani kwa namna ambayo sitaki itajwe tena. Walioketi botini wakaanza kushangilia, wakatoa simu, wakatupiga picha. Nilimkumbuka binamu, nikatamani nimwambie kuwa na sisi tumefika.

Shangazi hakukimbia. Mwanamke wa Ujiji hakimbii mbele ya watu. Alikuwa anakuja polepole, mguu mmoja una ndala, boya kifuani, nyuma yake mpishi ameshika kikaango kwa mikono miwili kwa sababu samaki alikuwa bado upande mmoja. Nikamuuliza nahodha kwa aibu kama anaweza kutusubiri dakika mbili.

"Hata kumi, bro," akasema, akakaa.

Nikashangaa upole huo. Abiria wengine walikuwa wanalalamika, mmoja ana gari la kuwahi Bagamoyo. Nahodha hakugeuka. Ndipo nilipoelewa: wakati wa kupanda Kunduchi, mimi nikiwa tope limefika magotini, Shangazi ndiye aliyezungumza bei, na alimlipa nusu. Nusu ya pili ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga, pamoja na ratiba, na haikuwa na dalili ya kufunguka kabla ya nchi kavu.

Tulivuka jua likiinamia upande wa Kunduchi, samaki akipitishwa mkono kwa mkono kwenye boti nzima, hata kwa yule wa Bagamoyo. Shangazi akatoa uamuzi kuwa ni mtamu, ila angewekwa mawese.

Usiku ule mke wangu, ambaye hajifunzi, akachapa fomu ya maoni na kuipenyeza chini ya mlango. Asubuhi ikarudi imejazwa kwa mwandiko wa zamani uliolala kulia. Ninayo hapa.

Usafi wa chombo: Daladala, wastani. Pantoni sikuliangalia, nilikuwa na haraka.

Usalama: Boya lilipatikana jioni.

Chakula: Mhogo wa Kigamboni, alama zote. Samaki, nusu, kwa sababu aliiva nusu.

Wafanyakazi: Mlinzi wa Kurasini ni mtoto mwenye adabu, aongezwe mshahara. Mwenye ratiba ajifunze kuifuata.

Huduma ya dobi: Kanga yangu ina tope mpaka sasa. Mngekuwa na mwanangu isingekuwa hivi.

Bandari ungependa kuteremshwa safari ijayo: Sokoni Tandika, leo, kabla ya saa nne. Nahitaji ndala.

Mke wangu alikuwa ameshatoka. Ilikuwa saa nne kasorobo, na Shangazi alikuwa amesimama mlangoni.